Sanamu na Maandishi Yake: Kusoma Pengo Lililo Kati ya Picha na Neno

Utangulizi

Msafiri anayetoka Nakuru kwenda Nairobi, akishapita Mbaruk na Ziwa Elmenteita likaanza kumeta upande wake wa kulia, huona ng'ambo ya maji kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali. Paji la uso lipo, pua ipo, kidevu na kifua vipo. Wamaasai hukiita Elngiragata Olmorani, yaani mahali alipolala morani. Walowezi wa Kizungu walikiita Pua ya Delamere, kwa jina la mlowezi aliyemiliki shamba la Soysambu lililo kando ya ziwa hilo. Kilima ni kimoja, na hakuna binadamu aliyekichonga. Hata hivyo, anayekitazama kwa jina la kwanza humwona shujaa wa nchi akipumzika. Anayekitazama kwa jina la pili humwona bwana shamba ambaye hata kifo hakikumbandua katika ardhi aliyoitwaa. Picha haikubadilika. Kilichobadilika ni neno.

Nimeanza na kilima hiki kwa sababu kinafichua udhaifu unaojitokeza mara kwa mara katika majibu ya watahiniwa wetu. Wapo wanaosoma maneno na kuipuuza picha: wakiulizwa kuhusu mchoro wa jalada, huorodhesha rangi na kuishia hapo. Wapo pia wanaodhani kwamba picha hujieleza yenyewe, kwa hiyo hawaoni haja ya kuyasoma maneno yaliyo chini yake. Makundi yote mawili hupoteza alama, na hupoteza jambo kubwa kuliko alama.

Hoja ya makala haya ni moja. Picha na neno vikiwekwa pamoja havirudii jambo lilelile. Kimoja humtaja mwenzake, humwelekeza, humkamilisha au humpinga. Maana tunayoitafuta hukaa katika pengo lililo kati ya viwili hivyo. Nitaitetea hoja hii kwa kutumia sanamu na maandishi yaliyochongwa au kubandikwa juu yake, kwanza Ugiriki na Roma ya kale, kisha hapa kwetu, na mwishowe nitapendekeza namna ya kulishughulikia jambo hili darasani.

Picha haina jina

Dhana hii si ngeni kwa Mswahili. Leso, au kanga, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na maandishi. Maandishi hayo huitwa 'jina'. Mchoro wa korosho katika mji haumgombezi jirani wala haumsifu mama mzazi; jina ndilo linalofanya hivyo. Leso mbili zinaweza kuwa na maua ya aina moja, na moja ikawa zawadi ya harusi huku ya pili ikiwa kijembe. Mnunuzi anayechagua kwa maua tu anaweza kujikuta amempelekea mkwewe matusi.

Sanamu nayo ni hivyo hivyo. Mchongaji anaweza kutuonyesha kijana mwenye nguvu, mzee mwenye busara au mwanamke mwenye huzuni. Hawezi, kwa patasi peke yake, kutuambia kijana huyo ni nani, alikufa lini, au nani aliyegharamia sanamu. Hayo ni kazi ya neno. Ndiyo maana tunapaswa kuichukua sanamu yenye maandishi kama matini moja yenye lugha mbili, si kama picha yenye pambo la maneno.

Ugiriki: sanamu inayosema 'mimi'

Katika Ugiriki ya kale, desturi ya kuandika juu ya sanamu ilianza mapema. Sanamu ndogo ya shaba ya mwaka wa 700 K.K. hivi, ambayo leo imehifadhiwa Boston, ina maandishi yaliyochorwa mapajani. Maandishi hayo yanaeleza kwamba mtu aitwaye Mantiklos aliitoa kwa mungu Apollo kutokana na sehemu ya mali yake, kisha yanamwomba Apollo amlipe wema. Jambo la kuzingatia ni nafsi inayotumika. Sanamu yenyewe ndiyo inayozungumza: inasema kwamba Mantiklos 'amenitoa mimi'.

Mfano wa pili unagusa moyo zaidi. Kati ya miaka ya 550 na 540 K.K. hivi, mchongaji Aristion wa kisiwa cha Paros alichonga sanamu ya marumaru ya msichana aitwaye Phrasikleia, iwekwe juu ya kaburi lake. Msichana amevaa taji la maua, na mkononi ameshika ua la yungiyungi ambalo bado halijachanua. Maandishi kwenye msingi yanamfanya aseme kwamba ataitwa mwanamwali daima, kwa kuwa miungu ilimpa jina hilo badala ya ndoa.

Hebu tuvitazame viwili hivi pamoja. Picha inaonyesha msichana aliyepambwa kama anayekwenda harusini. Neno linasema kwamba harusi hiyo haitakuwapo. Tukiiondoa picha, tunabaki na taarifa ya kifo. Tukiliondoa neno, tunabaki na msichana mrembo mwenye ua. Huzuni inazaliwa pale vinapokutana, na hapo ndipo ua lililofumba linapogeuka kuwa jazanda ya maisha yaliyokatizwa.

Historia ya sanamu hii inathibitisha hoja hiyo. Kwa muda mrefu msingi wenye maandishi ulikuwa umejengewa ndani ya kanisa huko Merenta, karibu na Athens, na wasomi waliusoma bila kumjua msichana. Sanamu ilifukuliwa mwaka wa 1972, karibu na hapo, ikaonekana kwamba inaingiana na msingi ule. Neno lilikuwa limekaa karne nyingi bila picha, na picha bila neno. Kila kimoja kilikuwa nusu.

Mwalimu wa ushairi atatambua mara moja faida ya mifano hii. Mgiriki aliyepita njiani aliyasoma maandishi kwa sauti, na alipotamka 'mimi', alikuwa akimwazima marehemu ulimi wake. Aliyesema si msomaji, wala si Aristion aliyechonga, bali ni Phrasikleia. Hii ndiyo nafsineni katika sura yake ya wazi kabisa. Mtahiniwa anayezoea kuandika kwamba nafsineni ni mshairi apelekwe kwanza mbele ya sanamu hii.

Roma: jina linapofutwa

Warumi walijua kwamba anayelimiliki neno ameimiliki picha. Katika karne ya kwanza B.K., msemaji mashuhuri Dio Chrysostom aliwakemea watu wa Rhodes kwa desturi yao moja. Walipotaka kumheshimu kiongozi mpya, hawakuchonga sanamu mpya. Walichagua ya zamani, wakalifuta jina lililokuwapo na kuandika jingine. Uso ukabaki wa mtu wa kwanza, heshima ikaenda kwa wa pili. Kwa Dio huo ulikuwa wizi, tena wizi wa kuwaibia wafu wasioweza kujitetea.

Mfano wa pili ni lango kuu la ushindi la mfalme Septimius Severus, lililojengwa mjini Roma mwaka wa 203. Maandishi yake yaliwasifu mfalme na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Mfalme alipofariki mwaka wa 211, Caracalla alimuua nduguye kabla ya mwaka huo kwisha, kisha jina la Geta likang'olewa na nafasi yake kujazwa sifa zaidi za baba na za muuaji. Hata hivyo, herufi za awali zilikuwa za shaba na zilipachikwa katika matundu. Matundu yalibaki, na kutokana nayo wasomi wameweza kulisoma jina lililofutwa. Katika lango jingine dogo la mwaka wa 204, lililojengwa na wabadilishaji fedha, ni picha ya Geta iliyochongolewa. Imebaki nafasi tupu kando ya wazazi wake, na macho ya mtazamaji huiendea nafasi hiyo kabla ya kuwaendea wazazi.

Funzo ni hili: kilichoondolewa nacho husomwa. Mhakiki hatosheki kuuliza maandishi yanasema nini. Huuliza pia yamenyamazia nini.

Hapa kwetu tuna kisa kinachokaribiana na hicho. Delamere, yule aliyetajiwa kilima, alifariki mwaka wa 1931. Sanamu yake, kazi ya mchongaji Kathleen Scott, iliwekwa katikati ya jiji la Nairobi kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipopatikana, barabara ilipewa jina la Kenyatta na sanamu ikahamishiwa Soysambu. Haikuvunjwa wala uso wake haukuchongolewa. Kilichoondolewa ni jina lililoizunguka, na hilo lilitosha. Jijini, kwenye barabara yenye jina lake, shaba ile ilimwambia kila mpita njia nani mwenye nchi. Shambani, shaba ileile ni kumbukumbu ya ukoo.

Nairobi: wapagazi wasio na majina

Barabara hiyohiyo ya Kenyatta ina sanamu nyingine, na hii ndiyo iliyonisukuma kuandika. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Nairobi kutazama mchezo wa kuigiza, tukawa na saa moja ya kungoja. Tukasimama mbele ya Mnara wa Askari.

Mnara huu ulisimamishwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Sanamu zake tatu za shaba zilichongwa na James Alexander Stevenson, aliyechonga pia ile ya Dar es Salaam ya mwaka wa 1927. Wawili ni wapiganaji. Wa tatu ni mpagazi. Maandishi yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha hati za Kirumi na kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Kwa muhtasari, yanasema kwamba huu ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliokufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Kisha yanamalizia kwa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Msichana mmoja aliyasoma hadi mwisho, akauzunguka mnara mzima, akarudi na swali: "Mwalimu, hayo majina yenyewe yako wapi?"

Hayapo. Mnara unaoahidi kwamba jina litakumbukwa haujaandikwa jina la hata askari mmoja, wala la mpagazi mmoja. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliohudumu kama wapagazi upande wa Waingereza walikaribia milioni moja, na kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi kwa maradhi na lishe duni kuliko kwa risasi. Majina ya mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, hawakuadhimishwa kwa majina yao au hawakuadhimishwa kabisa, na kwamba wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Minara kama huu wa Nairobi ndiyo iliyowekwa badala ya majina.

Sasa tuyasome maandishi haya kama tunavyosoma shairi. Kwanza, nafsi inabadilika. Sentensi za mwanzo zinawazungumzia wafu katika nafsi ya tatu. Sentensi ya mwisho inageuka ghafla na kumwambia 'wewe' unayepita. Wafu hawaambiwi tena. Anayeambiwa ni kijana aliye hai, ambaye huenda akahitajika katika vita vijavyo. Ukumbusho umekuwa wito wa kuandikisha askari. Pili, tazama istiari ya miguu na mikono. Inaonekana kama sifa, na kwa kiasi fulani ni sifa, lakini inawapa wapagazi viungo vya kutumika tu. Kichwa kinachoamua ni cha mwingine. Tatu, ipo kinaya katika ahadi, kwa sababu neno linaahidi kile ambacho mnara wenyewe umekinyima.

Hapa picha inampinga mwenzake. Ingawa neno linamfanya mpagazi kuwa mguu na mkono, mchongaji amempa mwili mzima. Amesimama kwa miguu yake, ana uso, na yuko pamoja na wapiganaji. Utu ambao neno limeupunguza, picha imeurudisha. Lakini picha haiwezi kumpa jina, na neno lililoweza halikumpa.

Basi letu liliporudi Nakuru tulipita Gilgil, ambako kuna makaburi ya wanajeshi wa vita vya 1939 hadi 1945. Pale hakuna sanamu ya askari yeyote. Kuna majina: kila alama ya kaburi lililotambuliwa humtaja aliyelala hapo. Nairobi kuna nyuso bila majina, Gilgil kuna majina bila nyuso. Yule msichana alinieleza njiani kwamba kwao husimuliwa habari za babu wa babu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo vitani na hakurudi. Jina lake wanalo, kwa sababu huwarithisha watoto. Wana walilikumbuka jina kweli, kama ilivyoahidiwa, ila hawakusaidiwa na jiwe.

Namna ya kufundisha

Mwalimu mwenzangu, huhitaji safari ya Nairobi ili kulifundisha jambo hili. Sanamu, bamba la ukumbusho shuleni, leso, mchoro ubavuni mwa matatu na kaulimbiu yake, jalada la kitabu na anwani yake, vyote vinafaa. Wanafunzi waongozwe kwa maswali manne:

1. Nani anasema katika maandishi, na anatumia nafsi gani?
2. Nani anaambiwa? Je, ni yule anayesifiwa, au ni mtu mwingine?
3. Picha inaonyesha nini ambacho neno limekinyamazia, na neno linasema nini ambacho picha haionyeshi?
4. Nini kimeachwa, kimefutwa au kimehamishwa, na nani amefaidika?

Maswali haya yanatumika pia katika tamthilia. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Sudi ni mchongaji anayekataa kuwachongea watawala wa Sagamoyo shujaa wanayemtaka kwa ajili ya sherehe ya miaka sitini ya uhuru. Mwanafunzi anayeelewa uhusiano wa picha na jina ataona kwamba ugomvi ule hauhusu malipo ya kazi ya mkono. Unahusu nani mwenye haki ya kuamua nani aitwe shujaa.

Tuchukue swali la mfano: Eleza jinsi mchoro wa jalada unavyochangia maana ya anwani ya kitabu ulichokisoma (alama 10). Jibu hafifu husema kwamba jaladani kuna mtu, nyumba na rangi nyekundu, na kwamba nyekundu ni damu. Jibu hilo limeorodhesha tu, na limedhani kwamba kila rangi ina maana moja popote ilipo. Jibu bora hutaja anwani inadai nini, huonyesha ni kitu gani mahususi katika mchoro kinacholiunga mkono dai hilo au kulitia shaka, kisha hurejelea tukio katika kitabu linaloamua ni kipi kati ya viwili hivyo kiaminiwe. Hatua hii ya tatu ndiyo inayotenganisha maelezo na uhakiki.

Tahadhari moja inahitajika. Si kila tofauti kati ya picha na neno ni kinaya. Wakati mwingine mchoraji hakukisoma kitabu vizuri, na wakati mwingine bamba lilibandikwa miaka mingi baada ya sanamu kusimamishwa. Mwanafunzi afundishwe kuuliza nani alifanya kipi, na lini, kabla hajatoa hukumu.

Hitimisho

Tumeona kwamba sanamu ya Phrasikleia ilikuwa nusu hadi ilipokutana na msingi wake, kwamba jina la Geta linasomwa katika matundu, na kwamba ahadi ya Mnara wa Askari inapingwa na mnara wenyewe. Katika kila mfano, aliyesoma upande mmoja tu angedanganyika.

Wiki moja baada ya safari ile niliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja aandike sentensi mbili za kuchongwa chini ya sanamu ya mpagazi. Wengi waliandika sifa za ushujaa kwa lugha nzito. Yule msichana aliandika jina la babu yule, kijiji alikotolewa, na kwamba alibeba mizigo. Nilimpa alama zote, kisha nikayasoma maandishi yake mbele ya darasa.